Tembo na Mbegu Zilizohama

Alikuwapo Tembo asiyejua kufanya jambo kidogo kidogo. Nyasi za uani kwake zilipokauka, akapanda mbegu upya.

"Kaka, mbegu mpya hunyunyiziwa maji kidogo tu," akamsihi jirani yake wa bondeni, Digidigi.

"Hayo ni maji ya panya!" Tembo akacheka, akamwaga maji ya mikonga mitano mfululizo. Mbegu zote zikasombwa hadi uani kwa Digidigi, naye akazinyunyizia kwa kopo la matundu mpaka zikachipua.

Tembo alipoziona akafoka, "Nyasi zangu hizo!"

"Zako kabisa, kaka. Zing'oe ukitaka."

Tembo akanyoosha mkonga. Ncha yake ilipogusa ulaini wa majani yale machanga, akasita, akaona haya.

"Basi niazime hilo kopo," akanong'ona. "Leo nitazinyunyizia mimi."