Karatasi ya Kukomaa

Tusekile alitaka tu mwanawe ale ashibe. Sheria ilikataza kuchuma uyoga, hata wa nyumbani kwako, kabla karatasi ya kipimo haijageuka zambarau kuonyesha umekomaa. Basi akawa anaupulizia dawa ya kukomaza, na kila jioni Lusungu, binti yake wa miaka tisa, anafuta bakuli la mchuzi wa uyoga huo kwa kidole.

Karatasi hiyohiyo ndiyo inayopima watu. Miaka haihesabiwi tena. Jasho lako likiigeuza zambarau, umeshakuwa mtu mzima, unapelekwa kambi ya kazi.

Asubuhi moja bwana shamba alipita kupima watu. Lusungu akakinga kiganja huku anacheka. Karatasi ikageuka zambarau.

“Mama, nimekomaa! Nimempita hata dada Atupele wa jirani!”

“Jamani, bwana shamba, huyu hata meno ya utoto hajamaliza kung’oa! Ni dawa niliyopulizia uyoga!”

“Mama Lusungu, karatasi haiulizi umekula nini. Mvalishe, gari linasubiri.”

Akampa sare ndogo kuliko zote. Tusekile akapiga magoti, akamvalisha, akaikunja mikono ya sare mara tatu, na vidole vya mtoto bado havikuonekana.