Njia ya Mlangoni kwa Nguchiro

Enzi wanyama walipokaa mtaa mmoja, mvua ilinyesha wiki nzima, kisha kila mmoja akatoka na jembe kuondoa tope mbele ya mlango wake. Nguchiro peke yake alibaki kitandani. Mzee Kobe akateleza kwenye tope la mlangoni kwa Nguchiro, akapinduka, akalala chali hadi adhuhuri.

"Bwana Nguchiro, huoni haya?" Bi Kanga alimfokea.

"Mpe pole," Nguchiro alijibu akipiga miayo. "Lakini changu kinaishia kizingitini. Njia ni ya wote, basi waisafishe wote." Akajiona mwanasheria hasa.

Asubuhi iliyofuata jua likachomoza, na kutoka kwenye tope lile kumbikumbi wakafumka kwa maelfu. Majirani wakaja mbio na vikapu. Nguchiro akaruka nje, manyoya yamemsimama.

"Rudini! Kuanzia kizingitini hadi ng'ambo ya njia, kila kilichomo ni changu!"

Bi Kanga hakubishana. Aliwageukia wenzake. "Mmesikia?"

"Tumesikia," wakajibu, wakaondoka.

Nguchiro akala hadi tumbo likamvimba. Alipoinua kichwa, Bi Kanga alikuwa amesimama mbele yake na jembe.

"Shika, mwenye njia," akamwambia. "Mzee Kobe anataka kupita."