Mkono Uliofungwa

Mwanatatu alirudi kutoka sokoni Majengo akakuta daktari wa mazoezi ya viungo amemfunga mumewe mkono ulio mzima kwa glavu nene, na kumwacha ahangaike na kikombe cha uji kwa ule uliopoozwa na kiharusi.

"Unafunga mkono unaofanya kazi? Unataka nini kwetu, dada?"

"Mama, hii imefanyiwa utafiti. Mkono mgonjwa ukikosa wa kuutegemea, unajifunza upya."

"Utafiti! Ndio mumfanyie majaribio bwanangu?"

Uji ukammwagikia mumewe kifuani. Mwanatatu akainama kufungua kamba za ile glavu.

Vidole baridi vikamshika kifundo cha mkono. Vilitetemeka vibaya, lakini havikumwachia. Vilikuwa vya mkono uliopooza.

"Wacha," mumewe akasema kwa ulimi mzito.

Mwanatatu akamkazia macho yule msichana. Bado hakumwamini. Lakini kamba akaziachia.