Machozi ya Kupewa

Siku ya kuzindua kitabu kilichosimulia kisa cha kweli cha kiwanda cha nguo kuungua, fundi cherehani mmoja aliyenusurika aliitwa mbele asome ukurasa unaomhusu. Alisoma vizuri mpaka akafika hapa: "Alisimama nje ya lango, akalia kimya kimya."

Kidole gumba chake, chenye kovu la moto linalong'aa kama nta, kilikuwa kimeyafunika maneno ya mwisho.

"Mwanangu, mbona umeniliza?" akamuuliza mwandishi.

"Ni kuwagusa wasomaji, mama. Wakuonee huruma."

"Wakishanionea huruma mimi, nani atamuuliza aliyetufungia mlango kwa nje?"

Mwandishi akaangalia safu ya mbele, alikoketi mwenye kiwanda, aliyegharamia kitabu. "Tuendelee tu, mama. Yaliyopita si ndwele."

"Ndwele ninayo kidoleni."

Akairudia sentensi toka mwanzo, polepole, kama anayepitisha kitambaa chini ya sindano. Kidole hakukiondoa.

"Alisimama nje ya lango," akasoma, "akamtaja kwa jina."

Kisha akakifunga kitabu, akamkazia macho mtu wa safu ya mbele, akavuta pumzi.