Sifuri ya Ijumaa

Kila Ijumaa zahanati hutuma ripoti ya magonjwa wilayani, na wilaya hugawa dripu kwa kuifuata hiyo. Nesi Tunu huituma kabla hajafungua mlango, kwa mazoea tu: kipindupindu, sifuri.

Leo alipofungua alimkuta Kibwana, fundi baiskeli, amembeba mkewe mgongoni.

"Anaharisha maji matupu, sista. Tangu alfajiri."

Tunu akamfinya mgonjwa mkono. Ngozi ikabaki imesimama; mwili umekauka maji. Akamtundikia dripu ya mwisho iliyobaki kabatini, kisha akapiga simu wilayani kuomba nyingine.

"Si umeandika sifuri wewe?" mtu wa stoo akacheka. "Gari limeshakwenda kwingine, dada. Labda Ijumaa ijayo."

Dirishani, mkokoteni wa muuza maji ulikuwa ukija taratibu. Haukubeba madumu. Ulibeba watu watatu, wamelazwa.