Viganja vya Mjukuu

Mzee Shekigenda hakuwa na alama za vidole, hakuwa na sugu, wala hakuweza kujua kwa kugusa kama shuka limekauka. Hakuna aliyeweza. Sheria ilitaka viganja vyote vipakwe utando wa poliuretani, ule ule unaokinga matangi ya mafuta yasipate kutu, ili visibebe maradhi. Watoto walipakwa wakifikisha siku arobaini.

Msamaha ulikuwepo kwa familia iliyoomba kwa barua ya mkono, lakini shule zilikuwa zimeacha zamani kufundisha kalamu.

"Kesho kutwa ni arobaini, Baba," alisema binti yake Zamoyoni, akimnyonyesha mwanawe. "Wewe ndiye uliyesoma ngumbaru, ukafundishwa kalamu."

"Si mlikuwa mnalicheka daftari langu?"

"Mama ndiye aliyecheka. Mimi nilikuwa sijazaliwa."

Mzee aliandika barua asubuhi nzima, kalamu ikimteleza, na hakukosea hata herufi moja. Zamoyoni aliisoma mara mbili, kisha akashusha pumzi. Ikishagongwa muhuri wa posta, mpakaji haji. Mtoto alinyoosha mkono, akakamata kidole cha babu yake.

"Ana nguvu, eti?" Zamoyoni aliuliza huku akicheka.

"Naona amekaza," alijibu mzee.

Alilamba gundi ya bahasha, akaifunga, akapitisha midomo yake taratibu ukingoni kuhakikisha imeshika, maana vidole visingemwambia. Kisha akavaa koti lake zuri, akaenda posta, akaitumbukiza.