Jino Lisilouma

Daktari aligonga meno ya Bi Salme moja moja kwa mpini wa kioo chake kidogo, akiuliza kila mara, "Hili je, mama?"

"Haliumi, mwanangu."

Hakuna lililouma. Bi Salme alikuja kwa sababu ya kipele tu kwenye ufizi, kila kikitumbuka kinarudi. Daktari akainua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye ncha ya mzizi wa gego moja palikuwa na doa jeusi, kubwa kama punje ya kunde.

"Jino hili limekufa zamani, ndiyo maana haliumi. Usaha umejikusanya kwenye mzizi, unatokea hapo kwenye kipele." Akaishusha picha. "Uniwie radhi, mama, lakini lazima kinywa kilikuwa kinanuka. Nyumbani hakuna aliyekuambia?"

Bi Salme akafumba kinywa. Alijaribu kumkumbuka mtu wa mwisho aliyemsogelea kiasi cha kuisikia pumzi yake. Alikuwa marehemu mumewe.

"Wananistahi," alijibu.

Daktari akacheka kwa upole, akamwandikia dawa na kumwambia arudi Jumatatu waanze kulisafisha.

Jioni, alipokwisha kunywa chai peke yake nyumbani, Bi Salme alikigeuza kijiko akaligonga gego lile kwa mpini, taratibu, kama alivyogongwa.

"Hili je, mama?" alisema kwa sauti.

Akangoja. Kisha akagonga lililo jirani nalo.